Mtoto wa Duarani Anajua Kugawanya

Kijana alikuwa amekalia karai lililopinduliwa kando ya mwalo wa kuoshea dhahabu, katika moja ya machimbo ya wachimbaji wadogo wilayani Geita. Umri wake haukuzidi miaka 13. Viroba 40 vya mawe vilikuwa vimepandishwa kutoka duarani, yaani shimoni, na mabishano ya mgao yalikuwa yameanza. Kwa makubaliano yao, katika kila viroba 10, vitatu ni vya mwenye eneo, vinne vya mwenye duara, na vitatu vya vijana walioshuka chini. Vijana walikuwa sita. Sauti zilipopanda, mtoto yule alisema bila kushika kalamu wala kuinua kichwa: "Mwenye eneo kumi na mbili, mwenye duara kumi na sita, sisi kumi na mbili. Kila mtu viwili." Watu wazima wakanyamaza, wakaanza kubeba.

Nilichora chini kwa kijiti: 12 ÷ 6. Nikamuuliza jibu lake. Aliitazama ile alama ya katikati, akatikisa kichwa. "Hiyo ya shule, mzee. Ya shule mimi siiwezi." Alikuwa ameacha masomo akiwa darasa la tano. Nikamwambia kwamba alama ile ni mgao: viroba kumi na viwili, watu sita. Akacheka. Nikaandika 16 ÷ 4, akajibu. Nikaandika 45 ÷ 9, akafikiri kidogo, akajibu. Dakika tano hazikuisha.

Nimekuwa nikimfikiria mtoto huyo kila ninaposikia kwamba watoto wa ukanda wa dhahabu hawapendi shule, na kwamba wazazi wao hawana mwamko wa elimu. Februari 2025, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa timu iliyowajumuisha Abhijit Banerjee na Esther Duflo, washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019. Timu hiyo iliwapima watoto 1,436 wanaofanya kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi nchini India. Watoto hao walipiga hesabu ngumu za bei na chenji kwa kichwa, haraka na kwa usahihi. Walipopewa hesabu nyepesi zaidi kwa mtindo wa kitabu cha shule, wengi walishindwa. Watafiti wakawapima pia wanafunzi wa shule ambao hawafanyi kazi sokoni, wakakuta kinyume chake: hesabu za kitabu waliziweza, hesabu za sokoni zikawatoa jasho. Miaka 40 kabla ya hapo, mwaka 1985, watafiti wa Brazil walikuwa wameona jambo hilohilo kwa watoto wauzaji wa mitaani mjini Recife.

Kwa hiyo mtoto wetu wa duarani yuko katika kundi kubwa duniani. Akili anayo na hesabu anayo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba anachokijua na kile kilichoandikwa ubaoni ni kitu kimoja. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa kufundisha. Hoja yangu leo ni kwamba mikoa ya Shinyanga na Geita ina fedha ya dhahabu ya kutosha kuigharamia kazi hiyo, ila kwa miaka mingi fedha hiyo imekuwa ikinunua kuta.

Minzi na maji

Nimekulia Shinyanga, katika nyumba ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya wageni na ya redio. Siku yangu ya kwanza shuleni niliomba minzi. Mwalimu, aliyetoka mkoa wa mbali, alidhani ninataja jina la mtu. Nilikaa na kiu mpaka mapumziko, dada yangu wa darasa la nne aliponiona na kunipeleka kwenye mtungi. Jioni hiyo nilijifunza neno maji, na nilijifunza pia kwamba shuleni ni mahali pa kunyamaza. Baadaye tulifungwa shingoni kipande cha ubao kila tuliposikika tukizungumza Kisukuma uwanjani. Ulikivaa mpaka umkamate mwenzako akiteleza kama wewe. Sitaitaja shule, kwa sababu zilikuwa nyingi zikifanya hivyo, na walimu waliamini kwamba wanatusaidia.

Simlaumu mwalimu yule. Kosa lilikuwa la mpango uliomtuma peke yake. Sera yetu inataka Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia tangu elimu ya awali, na mimi ni miongoni mwa wanaokipenda Kiswahili kwa dhati. Lakini kati ya nyumba na sera kuna mtoto wa miaka mitano au sita anayepaswa kujifunza lugha na kusoma kwa wakati mmoja, mbele ya mtu asiyeijua lugha ya mama yake.

Kuanzia mwaka 2014 hadi 2020, Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-T, uliogharimiwa na Uingereza ili kuboresha elimu ya msingi mahali ambapo matokeo yalikuwa duni. Taasisi ya Oxford Policy Management iliufuatilia mpango huo kwa kupima shule mwaka 2014, 2016 na 2018. Moja ya mambo yaliyojitokeza tangu mwanzo ni kwamba wanafunzi wengi katika mikoa hiyo walitoka katika nyumba zisizozungumza Kiswahili. Sehemu ya mpango ninayoikumbuka kwa heshima kuliko zote ni ile ya utayari wa kuanza shule. Kwa wiki chache, watoto ambao hawakupata darasa la awali walikusanyika karibu na nyumbani na kufundishwa kwa hadithi, nyimbo na michezo. Aliyewafundisha alikuwa kijana wa kijiji hichohicho, aliyepewa mafunzo mafupi. Mtoto akiomba minzi, kijana yule alijua la kufanya.

Mpango ulifika mwisho wake. Uliofuata kwa ufadhili wa nchi hiyohiyo, Shule Bora, ulianza 2022 katika mikoa tisa, na Shinyanga haikuwamo tena. Mfadhili ana haki ya kuchagua aendako. Swali linarudi kwetu wenyeji: kwa nini jambo jema kama lile, lililohitaji posho ya kijana mmoja, kibanda na hadithi, lisubiri fedha kutoka London, wakati magari yenye mchanga wa dhahabu yanapita mlangoni?

Wapo watakaosema kwamba kukiingiza Kisukuma darasani ni kuurudisha ukabila. Hofu hiyo ina historia yake, na umoja wa nchi hii haukuja kwa bahati. Ninachokiomba ni kidogo kuliko wanavyodhani. Kitabu kibaki cha Kiswahili, na mwalimu abaki wa Kiswahili. Katika darasa la awali na la kwanza awepo msaidizi wa kijiji anayeweza kumwambia mtoto kwa lugha yake kwamba alama hii ni mgao. Mtoto anayevushwa hivyo anafika kwenye Kiswahili akiwa mzima. Anayerushwa bila daraja huishia kunakili maandishi ubaoni miaka mitatu bila kuyasoma. Akifika kidato cha kwanza atakutana na mto wa pili, Kiingereza. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake katika mradi wa LOITASA walianza kuuchunguza mto huo mwaka 2002, na hoja yao imekuwa wazi: mwanafunzi asiyeielewa lugha ya kufundishiwa hukariri, hajifunzi. Mtoto wa Kisukuma anaombwa avuke mara mbili.

Shilingi elfu kumi

Tuje kwenye fedha. Mwaka 2010 watu wa mpango wa Uwezo walipima watoto nyumba kwa nyumba nchini, wakakuta takriban 3 tu kati ya kila wanafunzi 10 wa darasa la tatu ndio waliomudu kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Taifa lilishtuka. Jibu la kwanza la kila mtu lilikuwa moja: shule hazina fedha, zipelekewe.

Shirika la Twaweza, pamoja na watafiti wakiwamo Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan, Mauricio Romero na Youdi Schipper, waliamua kulijaribu jibu hilo badala ya kulibishania. Mradi wao, KiuFunza, uliendeshwa 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10. Kwa kura, shule ziligawanywa mafungu. Fungu moja lilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Fungu la pili halikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila somo ambalo mtoto atafaulu katika mtihani utakaosimamiwa na watu wa nje ya shule. Fungu la tatu likapewa vyote viwili. Fungu la nne halikupewa kitu, ili liwe kipimo cha mengine.

Baada ya miaka miwili, shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuwa tofauti na zile ambazo hazikupewa kitu. Vitabu vilinunuliwa na chaki zilipatikana, wazazi nao wakapunguza matumizi yao wenyewe kwa sababu shule sasa ilikuwa na fedha, na watoto wakabaki palepale. Zilizopewa motisha ya walimu peke yake zilisogea kidogo. Zilizopewa vyote viwili ndizo zilizopanda waziwazi, tena kwa kiasi kikubwa kuliko ukijumlisha faida za mafungu mawili ya kwanza. Matokeo hayo yalichapishwa 2019 katika moja ya majarida makubwa ya uchumi duniani, na mpaka leo sijaona kikao cha bajeti cha halmashauri kilichoyajadili.

Somo lake ni la kawaida kwa yeyote aliyewahi kusimama darasani. Kitabu hakimfundishi mtoto mpaka mwalimu akifungue, na mwalimu mwenye nia hawezi kufundisha kusoma bila kitabu. Fedha inayoishia kwenye vitu ni sawa na karasha la kusaga mawe bila mawe.

Ushahidi mwingine tulijitengenezea wenyewe. Mwaka 2015 serikali ilibadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukajikita kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Muda wa Kiswahili na hisabati kwenye ratiba ulipanda hadi takriban asilimia 80. Mbiti na Daniel Rodriguez-Segura walipofuatilia, walikuta watoto wamesonga mbele katika kusoma na kuhesabu. Badiliko lenyewe halikuhitaji kujenga chumba hata kimoja. Lilihitaji mtu aamue saa za mtoto ziende wapi.

Umri wa duara

Madarasa ya mwanzo ndiyo mlango wa kwanza ambako tunawapoteza watoto. Mlango wa pili uko kati ya miaka 12 na 15. Hapo dhahabu yenyewe inaingia darasani. Mtoto anaona kaka yake akirudi na simu mpya na pikipiki. Anamwona pia mwalimu wake akikopa sukari dukani. Hesabu anayoipiga hapo ni ya haraka na, kwa siku ile, ni sahihi.

Watafiti Pelle Ahlerup, Thushyanthan Baskaran na Arne Bigsten waliuliza hesabu hiyo inaishia wapi. Waliunganisha takwimu za Afrobarometer, zinazokusanya maoni ya wananchi katika nchi nyingi za Afrika, na taarifa za mahali na miaka ambayo migodi ya dhahabu iligunduliwa au kufungwa. Walikuta kwamba watu waliokuwa na mgodi wa dhahabu wilayani mwao walipokuwa katika umri wa kubalehe walifika utu uzima wakiwa na elimu ndogo kuliko wenzao. Maelezo waliyoyaona yana nguvu zaidi ni kwamba kaya huiona faida ya leo na kushindwa kuiona ya kesho. Wazee wetu walilisema kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa upande wetu, ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza walichokiona katika machimbo 11 ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Waliwakuta watoto, wengine wa miaka minane, wakichimba, wakibeba mawe, wakichanganya zebaki kwa mikono na kuichoma kwenye moto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari, uchimbaji ukiwamo, kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Hata hivyo, sheria humwondoa mtoto mwaloni asubuhi tu. Jioni atarudi, kama darasani hakuna kilichomngoja.

Kwa wasichana duara lina sura nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18, kiwango kilichokuwa juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani sheria ya ndoa iliyoruhusu ndoa hizo, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo. Novemba 2021 serikali iliwafungulia tena milango ya shule wasichana waliopata ujauzito. Hayo ni mafanikio makubwa. Ila msichana anayerudi akiwa na mtoto mgongoni na miaka miwili ya masomo iliyopotea hahitaji ruhusa ya kuingia getini tu. Anahitaji mwalimu atakayeanzia pale alipoishia.

Mipango ya namna hiyo tunayo kwa majina. MEMKWA ilianzishwa kwa ajili ya watoto walioikosa elimu ya msingi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inao mpango wa IPOSA kwa vijana walio nje ya shule, unaochanganya kusoma, stadi za maisha na ufundi wa awali. Tatizo ni kwamba katika machimbo mengi mtoto hajawahi kuisikia. Kituo cha masomo ya jioni kinapaswa kuwa mahali ambapo watoto wako: karibu na mwalo na kwa mama ntilie, si kilomita 20 kwenye makao makuu ya wilaya.

Fundi anatoka wapi?

Mlango wa tatu uko mwisho wa shule. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata 2001. Mwadui, wilayani Kishapu, imekuwa ikitoa almasi tangu enzi za John Williamson, aliyeanza mwaka 1940. Kanda hii ina zaidi ya miaka 80 ya uchimbaji mkubwa. Mtu angetegemea kwamba chuo bora cha mafundi wa migodi nchini kingekuwa hapa.

Mwaka 2009, migodi mikubwa ilipoamua kuungana na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na Chemba ya Madini kufundisha mafundi umeme na mafundi mitambo kwa viwango vya kimataifa, programu hiyo iliwekwa VETA Moshi. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, kwa kuwa chuo cha Moshi kilikuwa na karakana na walimu, na vijana waliofuzu pale wameendesha mitambo ya migodi hii kwa ufanisi. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini kijana wa Msalala, anayelala akisikia baruti za Bulyanhulu, alipaswa kuvuka nusu ya nchi kwenda chini ya Mlima Kilimanjaro ili ajifunze kazi inayofanyika nyuma ya nyumba yao. Wengi hawakuvuka. Waliobaki wakawa walinzi, wapishi na vibarua, kisha tukawasikia wakilalamika kwamba ajira zimechukuliwa na watu wa kuja.

Somo la haraka kuhusu ufundi tumeshalipata Kahama. Buzwagi ilifunguliwa 2009 na uzalishaji wake ukakoma 2021. Miaka 12 tu. Mtoto aliyezaliwa siku mgodi unafunguliwa hakuwa amemaliza shule ya msingi ulipofungwa. Mgodi ukiondoka huondoka na mitambo yake. Hauwezi kuondoka na ujuzi wa mtu anayejua kuchomelea, kufunga mota au kusoma mchoro wa umeme. Ujuzi huo unaweza kuhamia kiwanda cha kuchambua pamba, karakana ya matrekta, au viwanda vinavyotarajiwa katika eneo hilohilo la Buzwagi.

Sasa kuna nafasi mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, aliyoizindua Rais Samia Suluhu Hassan Februari 1, 2025 mjini Dodoma, imeleta elimu ya lazima ya miaka 10 na mkondo wa amali katika sekondari, ulioanza Januari 2024. Mwalimu Nyerere aliliona jambo la namna hii tangu 1967 alipoandika Elimu ya Kujitegemea, akisisitiza kwamba shule imwandae mtoto kwa maisha yatakayompokea. Hofu yangu ni kwamba amali itabaki jina la mkondo kwenye ubao wa matangazo: karakana imejengwa, mashine ipo kwenye boksi, mwalimu wa fani hayupo. Hilo likitokea tutakuwa tumerudia kosa la ruzuku ya shilingi elfu kumi, safari hii kwa gharama kubwa zaidi.

Tuwakumbuke pia mafundi ambao hawajawahi kuitwa mafundi. Mtu aliyefunga mbao za kuzuia udongo duarani kwa miaka 15 bila kuporomoka, au anayetengeneza karasha kwa vipuri vya gari bovu, ana ujuzi ambao mtihani wa karatasi hauuoni. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: fundi anapimwa kwa vitendo, anafundishwa alichopungukiwa, anapewa cheti. Vituo vya mfano vya uchenjuaji vilivyojengwa Lwamgasa na Katente vingefaa kuwa mahali pa upimaji huo. Baba mwenye cheti chake cha kwanza akiwa na miaka 45 hatahitaji kuhubiriwa kuhusu shule ya mwanawe.

Kuta na waliomo ndani

Najua nitakachoambiwa. Idadi ya watu wa mkoa wa Geita ilikuwa 1,739,530 katika sensa ya 2012, na 2,977,608 katika ile ya 2022. Tangu ada ifutwe mwaka 2016 madarasa yamefurika. Watoto wanakaa chini na wengine wanasomea kwenye mti. Unawezaje kuzungumzia ufundishaji kabla ya paa?

Paa linahitajika, na sitaki jiwe hata moja la msingi liondolewe. Nyankumbu, shule ya sekondari ya wasichana iliyojengwa Geita kwa fedha za mgodi, imewapa mamia ya mabinti mahali salama pa kusoma. Mwaka 2023 kampuni za madini za Barrick na Twiga zilitangaza hadi dola milioni 30 kwa ajili ya madarasa, mabweni na vyoo vya kidato cha tano na sita nchini, na vijana watakaolala kwenye mabweni hayo wanastahili. Ninachohoji ni mizani. Kidato cha tano kinawapokea wachache waliovuka milango yote mitatu. Yule mtoto wa mwaloni alianguka kwenye mlango wa kwanza, ambako dola moja ina kazi kubwa kuliko popote.

Najua pia kwa nini kuta hupendwa. Jengo lina siku ya kukata utepe, lina picha, na mkaguzi anaweza kulihesabu. Posho ya msaidizi wa darasa la kwanza haina utepe. Mtoto aliyeanza kusoma mwezi wa nane badala ya kutosoma kabisa hapigwi picha na mtu.

Kisheria hatuna kizuizi. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa. Halmashauri pia hukusanya ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ghafi. Madiwani wana sauti katika fedha zote hizo mbili. Pendekezo langu ni kwamba theluthi moja ya sehemu itakayokwenda kwenye elimu itumike kwa ufundishaji na igawanywe katika kazi tatu: wasaidizi wa kijiji na hadithi katika madarasa ya awali na ya kwanza, motisha kwa walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu, ikitolewa kwa matokeo yanayopimwa na watu wa nje ya shule ili kuzuia udanganyifu, na walimu wa fani kwa shule za amali na vyuo vya VETA vilivyo jirani na migodi, pamoja na nafasi za mafunzo ndani ya migodi yenyewe kwa vijana wa kata zinazoizunguka. Theluthi mbili ziendelee kujenga.

Mizani ya Geita

Machi 17, 2019 soko la kwanza la madini nchini lilifunguliwa Geita. Kabla yake dhahabu iliuzwa vichochoroni, na mchimbaji mdogo alipunjwa kwa sababu hakuwa na mahali pa kuipima hadharani. Leo anaingia na kipande chake, kinawekwa juu ya mizani mbele ya macho yake, na sehemu ya gramu inahesabiwa. Bei ya siku inajulikana. Jambo hilo dogo, la kupima mbele ya mwenye mali, limerudisha heshima na fedha nyingi kwa watu wa kawaida.

Watoto wetu hatuwapimi hivyo. Mzazi wa Nyarugusu au Mwakitolyo anaweza kukutajia uzito wa dhahabu aliyouza mwezi uliopita, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kama mwanawe wa darasa la pili anaweza kusoma aya moja. Atajua akifika darasa la saba, wakati duara limeshamchukua.

Kipimo chenyewe ni rahisi: aya moja ya Kiswahili, hesabu chache, na dakika zisizozidi 10 kwa kila mtoto. Uwezo walikipeleka nyumba kwa nyumba. Kamati ya shule na Ofisa Elimu Kata wanaweza kukifanya kila Novemba kwa darasa la pili lote, na matokeo ya kata yakabandikwa kwenye ofisi ya mtendaji: wangapi wamesoma, wangapi hawajasoma, na nani atawafundisha Januari. Karatasi hiyo ikishabandikwa, diwani atakapokuja kuomba kura atakutana nayo mlangoni.

Vikao vya bajeti za halmashauri hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka. Kwa mara moja, kabla ya kuuliza ni vyumba vingapi vitajengwa, madiwani wa Geita, Msalala, Kahama na Kishapu waulize ni watoto wangapi wa darasa la pili katika kata zao waliosoma ile aya. Asiye na jibu arudi kijijini akalitafute, na bajeti imsubiri.